Gepu kabla ya chuo cha ng'ambo: maswali mnayoniuliza kila Januari

Kila mwaka matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka simu yangu haipumui. Binamu, mtoto wa jirani yetu wa zamani pale Umoja, beshte ya binamu, halafu kuna mama wa kanisani alipewa namba yangu na mamangu bila mimi kuulizwa. Swali ni moja tu, maneno ndiyo tofauti: nimepata ama natafuta chuo nje, lakini mwaka huu siendi, sasa nifanye nini na huu mwaka? Nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane, kwa hivyo nimeandika, nitakuwa natuma tu hii. Mimi mwenyewe nilikaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuenda Uingereza, nikifanya kazi kwa saiba, duka la intaneti, ya anko yangu Kayole, na ukweli ni kwamba mengi ya hapa niliyajulia nyuma ya ile kaunta, si darasani.

Gepu ni nini kwani? Si ni kukaa tu nyumbani?

Inategemea kama kuna karatasi. Kama chuo kimekuandikia kwamba nafasi yako imeshikwa mpaka Septemba ya mwaka ujao, hiyo ni gepu. Hiyo kushikiwa nafasi ndiyo watu wanaita kudifa. Kama hakuna kitu kimeandikwa, wewe uko nyumbani tu, na si dhambi, wengi tumekaa, lakini usiwaambie watu uko kwa gepu mpaka na wewe mwenyewe ukaamini. Nimeona mtu anasema "chuo kinanijua, niliongea na mama mmoja hapo kwa simu" halafu mwaka ukifika huyo mama ashahamishwa idara na hakuna mahali jina lako liko. Mambo ya mdomo wacha kwa matatu.

Mbona ni kama sisi wa KCSE tunalazimishwa kungoja hata kama hatutaki?

Kwa sababu kalenda yetu na yao haziongei. KCSE unamaliza Novemba, matokeo yanakuja baadaye, kwa mfano ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025. Marekani vyuo vingi mlango wa kawaida unafungwa karibu na Januari mosi, na ule wa mapema unafungwa Novemba, wakati wewe uko kwa chumba cha mtihani na Kemia peipa tatu. Kwa hivyo wengi wanaaplai mwaka unaofuata, na wanapanda ndege Agosti ya mwaka wa pili. Hesabu mwenyewe hapo ni miezi mingapi.

Uingereza wanaanza Septemba hivi, unaweza kuwahi mwaka ule ule, lakini kuna kitu watu hawaambiwi mapema: vyuo vingi vya kule havichukui KCSE moja kwa moja kwa digrii, vinataka kwanza ufanye mwaka wa maandalizi, ule wa foundesheni. Hakuna anayekudharau hapo, ni vile wao wamezoea watoto wa A-level, mtihani wao wa kumaliza shule. Sasa ukichukua gepu halafu foundesheni, jua umesogeza digrii miaka miwili, na hiyo uiweke wazi kwa mzazi siku ya kwanza, isiwe ni kitu anagundua akisoma barua.

Australia wao wanaanza Februari ama Machi na tena Julai, kwa hivyo mtu wa Australia anaweza kungoja miezi sita tu. Na kama ulisoma hizi shule za mtaala wa Uingereza, unamaliza Juni na matokeo ni Agosti, wewe gepu yako ni ya kujitakia.

Wazazi wangu wanasema gepu ni uvivu wa wazungu. Niwajibu aje?

Waulize kwa heshima wao waliingia chuo lini baada ya kumaliza shule. Nakuambia hili swali lina nguvu. Kwa miaka mingi mtu aliyeitwa chuo cha umma hapa Kenya alikuwa anakaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja zamu yake ifike, kwa sababu vyuo vilikuwa na foleni ya wanafunzi wa miaka ya nyuma. Na wale wa kati ya 1984 na 1990 walipitishwa kwanza NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, kule Gilgil, wakavaa buti, wakakimbizwa asubuhi, ndiyo waruhusiwe kuingia chuo. Babangu mdogo ni mmoja wao na mpaka leo anakunja blanketi kama ya jeshi. Alipomaliza kunipigia kelele kwamba napoteza mwaka nilimuuliza, "Baba, na ile miezi yenu ya Gilgil na ile mingine ya kulima ilikuwa inaitwaje?" Alicheka, akasema hiyo ilikuwa serikali. Sawa, lakini alicheka.

Kama ni watu wa kuamini majina makubwa, kuna mjukuu wa Kogelo, Malia Obama. Alimaliza shule 2016, akakaa nje mwaka mzima, akaingia Harvard 2017. Na Harvard wenyewe wanawahimiza wanafunzi waliowachukua wafikirie kukaa mwaka kabla ya kuanza. Tofauti yako na Malia unaijua na mzazi wako pia anaijua, kwa hivyo usiishie hapo. Mzazi wa Nairobi hatishwi na Harvard, anatishwa na wewe kulala mpaka saa nne. Mpelekee kitu kimeandikwa: mwezi huu hadi huu niko hapa, nitaweka pesa hivi, chuo kimekubali hivi. Mamangu alinyamaza siku alipoona ile barua yenye nembo ya chuo na tarehe. Aliitoa kopi tatu.

Sasa nadifa aje?

Kwanza upate nafasi. Huwezi kudifa kitu hauna, na watu wengi wanataka kuchukua gepu kwanza halafu ndiyo waanze kuaplai, which—hapana, ngoja niseme vizuri: hiyo pia inawezekana, lakini wakati huo unaaplai kama mtu amekaa mwaka na watataka kuona ulifanya nini.

Ukiwa na nafasi, kwa Marekani kawaida unakubali kwanza, na tarehe iliyozoeleka ni Mei mosi, unalipa ile amana ya kushika nafasi, halafu unaandika ombi la kudifa ukieleza mpango wako. Usiandike riwaya. Ukurasa mmoja: kwa nini, utafanya nini, pesa itatoka wapi. Wakikubali wanakupa masharti, na sharti la kawaida ni usijiandikishe digrii mahali pengine. Wengine wanakataa, hasa kwa kozi ambazo nafasi ni chache, na hawana lazima ya kukueleza.

Kwa Uingereza, ile fomu ya UCAS, ofisi ya pamoja ya kuaplai vyuo vya kule, inakuruhusu kuchagua tangu mwanzo kwamba unataka kuingia mwaka unaofuata. Na kama ulikuwa umeaplai wa mwaka huu, unaandikia chuo chenyewe. Kuna kitu kizuri hapa kwa watu wa gepu: kuanzia walioaplai kuingia 2026, ile insha ndefu ya zamani imekuwa maswali matatu, na la tatu linataka ueleze umejiandaa vipi nje ya masomo na hiyo imekusaidia nini. Yaani wamekuachia uwanja. Mtu amekaa kwa saiba akisaidia wazee kujaza fomu za serikali za eCitizen ako na cha kuandika kuliko yule ameandika kwamba anapenda kusoma vitabu na kusafiri.

Chochote utakachokubaliwa, kiwe kwa imeili. Uipeleke kwa folda yako, uiprinti, umpe mzazi kopi.

Skolashipu yangu itaningoja?

Usidhani. Hili ndilo swali linaumiza watu kuliko yote. Nafasi ya chuo na pesa ni vitu viwili, vinaweza kutoka ofisi mbili ambazo haziongei. Skolashipu nyingi zimefungwa kwa mwaka fulani, ukisogeza mwaka unaanza kushindania upya, na pengine haipo tena. Beshte yangu alidifa vizuri kabisa, barua akapewa, akasahau kuuliza upande wa pesa, mwaka ulipofika nafasi ilikuwepo na bili nzima ilikuwepo pia. Hakuenda. Uliza hivi, kwa imeili: "Nikianza mwaka ujao, msaada huu wa fedha utabaki vile vile?" Ukijibiwa "pengine", hesabu hiyo kama hapana.

Halafu kuna mipango ya hapa kwetu ambayo imejengwa juu ya hii hii miezi ya kungoja. Equity wana ile programu yao ya viongozi, wanachukua waliofanya vizuri sana KCSE, wanawapa kazi ya mafunzo yenye malipo kwa matawi ya benki na wengine wanasaidiwa kuaplai vyuo vya nje. KenSAP, iliyoanzishwa 2004, ilianza na watoto wa Bonde la Ufa wenye alama za juu, inawafundisha SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, na kuandika insha, wanaenda vyuo vikubwa vya Amerika; Mike Boit yule mkimbiaji ni mmoja wa waanzilishi. Zawadi Africa ni ya wasichana wasio na uwezo, ilianza 2002, na aliyeianzisha ni Susan Mboya, binti ya Tom Mboya, yule yule wa ndege ya 1959 iliyobeba wanafunzi 81 kuenda Marekani. Ukipita Moi Avenue pale kwa sanamu yake kumbuka kwamba hao nao walipitisha bakuli kwanza, hakuna aliyeamka tu akapanda ndege.

Hizi zote zinataka alama kali, sitakudanganya.

KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, wamenipeleka chuo cha hapa. Niingie nikingoja cha nje?

Hapa simama kidogo. Kama unalenga Marekani, ukishaanza digrii hapa baada ya kumaliza shule, vyuo vingi vya kule havikuoni tena kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanakuweka kwa wale wa kuhama chuo, na pesa ya wageni wanaohama ni kidogo sana. Na kama ulishadifa, ile barua pengine imekukataza wazi. Watu wanaingia JKUAT ama UoN Septemba "nisikae bure", wanafanya semista moja, halafu wanajikuta wamejifungia mlango kwa mkono wao.

Lakini usiitupe nafasi ya KUCCPS pia. Vyuo vya hapa vinakubali kuahirisha ukimwandikia msajili wa masomo mapema. Iweke kama taili spea. Mimi yangu ilikaa kwa buti ya gari mwaka mzima na nililala vizuri kwa sababu ilikuwa hapo.

Kozi fupi haina shida. Kompyuta, uhasibu, lugha, kuendesha gari, hizo fanya.

Na nikitaka Ujerumani?

Ujerumani gepu si anasa, ni sehemu ya safari. Mtu wa KCSE kwa kawaida haingii chuo kikuu cha kule moja kwa moja, wengi wanapitia Studienkolleg, mwaka mmoja wa kuandaliwa, na kuingia huko kuna mtihani na Kijerumani cha kiwango cha B1 ama B2. Hiyo lugha huipati kwa YouTube ukiwa umelala kwa kochi. Utaenda Goethe ama darasa lingine la mtaani, siku tano kwa wiki, na kutoka A1 mpaka B1 ukiwa serious— ukiwa umejitolea kweli, mwaka unaisha. Pia wanataka uonyeshe pesa kwa ile akaunti iliyofungwa, euro 11,904 za mwaka mmoja, unaachiliwa 992 kila mwezi ukifika. Na tofauti na Marekani, kwa Wajerumani masomo ya chuo uliyofanya hapa yanaweza kukuongezea nguvu, kwa hivyo lile jibu langu la KUCCPS usilibebe kichwa kichwa.

Njia ambayo vijana wengi wa Nairobi wanatumia ni kwanza kuenda kama o-pea: uko chini ya miaka 27, uko na A1, unakaa na familia, unaangalia watoto saa zisizozidi 30 kwa wiki, wanakulisha, wanakupa chumba na euro 280 za mfukoni kwa mwezi. Unarudi na Kijerumani cha mdomo. Lakini soma mkataba, kuna familia zinataka yaya wa bei rahisi, na euro 280 si mshahara, usije ukaahidi watu wa nyumbani kwamba utajenga.

Nifanye kazi gani huo mwaka?

Ile inapatikana. Nasema hivi kwa sababu watu wanakaa miezi mitano wakitafuta kitu kitakachopendeza kwa fomu. Mimi nilitaka kufanya kazi kwa shirika la haki za binadamu. Nikapata saiba ya anko, shilingi 500 kwa siku, Jumapili mapumziko. Nilijaza fomu za pasipoti, za cheti cha tabia njema, za ushuru wa KRA, nikawafanyia watu kopi za vyeti vya kifo, nikaandikia mzee mmoja barua kwa mwajiri wake wa zamani mara sita mpaka akalipwa. Hiyo ya mzee ndiyo niliandika kwa insha yangu ya chuo. Ile ya haki za binadamu nadhani ilinikuta hapo hapo Kayole.

Wengine najua walifundisha Hisabati watoto wa jirani jioni, mmoja alishika meza ya mitumba Gikomba na shangazi yake akajua kuhesabu faida kuliko mwalimu wangu wa Biashara, mwingine alifanya kazi za mtandaoni baada ya yale mafunzo ya bure ya Ajira Digital. Kujitolea pia ni sawa kama nauli unayo. Mambo ya kulipa shirika ndiyo ujitolee, hapana. Wazungu wanalipa pesa nyingi kuja kuchukua gepu yao Kibera, wewe umezaliwa kituo tatu kutoka hapo, utalipa ya nini?

Pesa ndogo unayopata iweke mahali hufikii haraka. Mimi nilitumia ile akiba ya simu ya M-Shwari ya kufunga. Haikulipa karo, tusidanganyane, lakini ililipa vipimo na nauli za kuzunguka, na nilikuwa sipigi simu nyumbani kila wiki kuomba.

IELTS na SAT zitaharibika nikikaa?

IELTS, TOEFL na ile ya Duolingo, hiyo mitihani ya Kiingereza, zinakaa miaka miwili. SAT inakaa zaidi. KCSE haiozi. Usikimbilie IELTS kabla ya kujua unaenda lini: alikuja kijana saiba ameifanya akiwa bado kidato cha nne, yake iliisha miezi mitatu kabla ya viza, akalipa tena pesa yote.

Makaratasi gani nianze nayo, maana naskia ndiyo yanachelewesha?

Majina. Kabla ya kitu kingine chochote toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na slipu ya KCSE, uziweke kando kando kwa meza, usome jina herufi kwa herufi. Kwa ile saiba nadhani nusu ya machozi niliyoona yalikuwa ya majina. Mtu ni Wanjiku Mary hapa, Mary Wanjiku pale, na kwa cheti cha kuzaliwa ako na jina la nyanya ambalo hajawahi kulitumia. Mwingine "Mohamed" ina m mbili katikati mahali pamoja na moja mahali pengine. Kurekebisha kunataka hati ya kiapo ama hata kubadilisha jina kisheria na inakula miezi, na huu mwaka wako ndiyo miezi yenyewe. Gepu ikikusaidia na hicho kitu kimoja tu, imekusaidia.

Halafu cheti halisi cha KCSE. Slipu inatosha kuaplai, lakini vyuo vingi vinataka cheti kabla ya kukusajili. Shule yangu ilikataa kunipa yangu kwa sababu ya baki ya karo ya shilingi 23,000. Wizara imeagiza shule ziachilie vyeti mara sijui ngapi, na mwalimu mkuu alinisikiliza vizuri kabisa nikimweleza hayo, halafu akaniuliza hizo elfu ishirini na tatu ziko wapi. Nililipa kidogo kidogo miezi sita. Hii ndiyo sababu mojawapo nilidifa, wengi hawajui. Chuo kikitaka kuthibitisha alama zako, KNEC, baraza la mitihani, wana mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, unaomba huko barua itumwe moja kwa moja.

Pasipoti omba mapema kwa eCitizen hata kama hujapata chuo. Nyayo House, kwa ofisi za pasipoti, kuna misimu mzuri na misimu mbaya na hakuna anayekuambia huu ni upi.

Viza nianze lini?

Ukidifa, karatasi za mwaka wa kwanza zimekufa, usiende nazo. Kwa Marekani chuo kinakupa I-20 mpya, ile fomu ya kuombea viza, yenye tarehe mpya. Unalipa ada ya SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, dola 350, ya viza dola 185, unaenda ubalozi wao Gigiri kwa intaviu, na huwezi kuingia kule zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza. Tangu Juni 2025 wanataka akaunti zako za mitandao ziwe wazi waziangalie, kwa hivyo hayo matusi yako ya mpira ya Gor na AFC yaanze kupungua. Ushauri wa kuaplai vyuo vya Marekani unapatikana bure kwa EducationUSA, ni ya ubalozi wenyewe.

Uingereza unaaplai viza ndani ya miezi sita kabla ya kozi. Kipimo cha TB ni lazima kwetu, unafanyia IOM, shirika la uhamiaji, hapa Nairobi, na cheti chake ni cha miezi sita tu, usifanye mapema ati umalize. Pesa ya kuonyesha ikae kwa akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Anko akikuomba "nikopeshe kidogo nirudishe Ijumaa" siku ya 20, mwambie umekufa. Halafu kuna ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo kabla hata hujapanda ndege, digrii ya miaka mitatu hapo ni zaidi ya pauni 2,300. Hiyo ndiyo inaangusha familia dakika ya mwisho kwa sababu iko nje ya karo na hakuna aliyeiweka kwa bajeti ya harambee.

Kanada tangu 2024 unahitaji pia barua ya mkoa kabla ya kibali, na ina tarehe ya kuisha, ukidifa uliza chuo kama utapewa nyingine.

Kwa intaviu wataniuliza mbona nilikaa. Nijibuje?

Fupi na ukweli. "Nilimaliza KCSE Novemba, chuo kilikubali nianze mwaka uliofuata, barua hii hapa, nilikuwa nafanya kazi kwa biashara ya familia nikiweka akiba." Basi. Hawana shida na gepu, wana shida na hadithi inayobadilika.

Kuna ajenti taoni anasema atanidifia yeye kwa elfu arobaini.

Kudifa ni imeili moja. Nimekuambia iandikwe aje. Yupo mmoja alikula elfu kumi na tano za mamangu, ofisi ilikuwa na kapeti na bendera nne, tuliporudi baada ya wiki mbili ilikuwa inauza wigi.

Watu wa ocha wanauliza kila siku mbona bado niko.

Watauliza. Shosho wangu alikuwa anauliza mbele ya wageni, "Huyu wa Ulaya bado ako?" Mwaka wa kwanza niliumia, mwaka wa pili nikawa najibu "Ulaya inakuja, Shosho, inanyoosha barabara kwanza," na yeye ndiye alikuwa anawaambia wengine. Kinachosaidia ni kutotangaza mapema. Mwambie anayekulipia na anayekuombea, wengine wataona picha.

Na nikibadilisha nia katikati, nitamani kubaki?

Inatokea na si aibu. Ndiyo maana ya ile taili spea. Waandikie chuo cha nje mapema, amana pengine haitarudi, ingia cha hapa. Namjua mmoja aligundua kwa gepu kwamba alikuwa anataka kuenda Kanada kwa sababu eks wake ameenda Kanada.

Nitakuwa mzee kuliko wenzangu darasani?

Nilifika na miaka 20. Kwa flati tulikuwa sita, mmoja alikuwa na 26, wawili wa 18 hawakuwa wanajua kuchemsha wali bila ungeuke uji. Wiki ya pili mimi ndiye nilikuwa naitwa jikoni maji yakichemka, na hakuna hata mmoja aliwahi kuniuliza nilimaliza shule mwaka gani.